Udongo Mwekundu wa Nyeri: Kina Si Rutuba

Anayeotesha miche ya kahawa Othaya au Karatina hahitaji kuambiwa ni udongo gani wa kujaza kwenye mifuko. Anataka wa msituni. Mchanganyiko uliozoeleka vitaluni ni sehemu 3 za udongo wa juu, mweusi, wenye mboji, sehemu 2 za mchanga na sehemu 1 ya samadi iliyooza vizuri. Mletee debe la udongo mwekundu uliochimbuliwa kwenye shimo la choo, mita 3 chini ya shamba lake mwenyewe, naye atakuuliza kama unamfanyia mzaha. Lakini fungua ramani ya udongo ya Kenya, na utakuta madebe hayo mawili yana jina moja. Yametoka kwenye kigongo kimoja, mwamba mmoja na mvua moja, na aliyechora ramani hakukosea kuyaweka pamoja.

Nataka kueleza jina hilo linavyopatikana, kwa sababu wengi huku kwetu, wakulima na hata baadhi ya maafisa wa kilimo, hulisoma kana kwamba ni cheti cha rutuba. Jina linasema mengi kuhusu kina, maji na mizizi. Kuhusu chakula cha mmea linasema machache mno.

Tuanzie kwenye mwamba. Mlima Kenya ulikuwa volkano hai takriban miaka milioni 3 iliyopita, na safu ya Nyandarua iliyo upande wa pili ni ya zamani zaidi. Nyeri imekaa katikati, juu ya basalti, fonolaiti na majivu yaliyogandamana. Miamba ya namna hii huoza upesi penye unyevu na joto. Maji ya mvua huchukua kalisi, magnesi na sehemu kubwa ya silika yakazipeleka mitoni, iwe ni Gura, Chania, Ragati au Sagana, na nyuma hubaki mfinyanzi, alumini na chuma. Kutu ya chuma hicho ndiyo rangi nyekundu tunayoijua. Kazi hiyo imeendelea muda mrefu mno bila kukatizwa, ndiyo maana kuta za barabara zilizochongwa na tingatinga kati ya Karatina na Nyeri huonyesha mita 4 au 5 za wekundu mtupu, bila jiwe la kumpiga kunguru.

Vitabu vya kilimo vya enzi ya ukoloni viliuita udongo huu tifutifu nyekundu ya Kikuyu, na sifa ya utifutifu haijautoka hadi leo. Peleka sampuli maabara, majibu yatakushangaza: mfinyanzi asilimia 60, pengine 70. Kwa hesabu hiyo tifutifu haimo kabisa. Huko Mwea, udongo mweusi wa mpunga wenye mfinyanzi wa kiwango kama hicho hunata kwenye jembe na gumbuti wakati wa mvua, kisha kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mkono. Wa Nyeri haufanyi hivyo. Mvua ikinyesha usiku kucha, kesho yake mchana unaweza kuingia na jembe.

Siri yake inaonekana ukiushika. Chukua bonge kutoka nusu mita chini ya ardhi, mahali ambapo jembe halifiki, ulivunje taratibu kwa vidole gumba viwili. Halikatiki popote ovyo. Linaachana katika vipande vidogo vyenye pembe, kama njugu zilizovunjwa, na kila kipande kina nyuso bapa zinazong'aa ukizigeuzageuza juani, mng'ao wa kitu kilichopakwa nta. Mara nyingi utaona uzi mwembamba wa mzizi umepita kwenye uso huo badala ya kutoboa kipande chenyewe. Sasa weka maji kidogo, finyanga kiganjani. Mwanzoni utahisi chembechembe kama za mchanga, na mtu mwenye haraka ataandika hapo hapo kwamba ni tifutifu. Endelea kufinyanga dakika mbili tatu: chembe zinavunjika, bonge linazidi kunata, na mwisho unaweza kulisokota likawa kamba ndefu. Mfinyanzi ulikuwemo tangu mwanzo. Chuma kilikuwa kimeufunga katika vipande vidogo vigumu, na vipande hivyo ndivyo vinavyojifanya mchanga.

Faida yake ni kubwa. Katikati ya vipande mna nafasi pana ambamo maji ya mvua hushuka bila kutuama na hewa hupita. Ndani ya kila kipande mna matundu madogo sana yanayoshika maji kwa nguvu. Udongo mmoja unapitisha maji kama kichanga na kuyahifadhi kama mfinyanzi. Mizizi ya kahawa katika udongo mwekundu wenye kina hushuka hadi karibu mita 3, na ndiyo sababu mti wa kahawa Tetu au Mathira hupita Januari na Februari ukiwa na majani ya kijani ilhali mahindi jirani yamekunjamana. Mti huo unakunywa maji ya mvua zilizopita.

Uainishaji wenyewe una historia ndefu hapa kwetu kuliko wengi wanavyodhani. Katika miaka ya 1930, Geoffrey Milne, mkemia wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani huko Usambara, Tanganyika, aliona kwamba udongo wa kilele cha kilima, wa mteremko na wa bondeni hufuatana kwa utaratibu uleule kilima hadi kilima. Mfuatano huo aliuita katena mwaka 1935, na mwaka uliofuata akatoa ramani ya awali ya udongo wa Afrika Mashariki. Wazo lake limeenea dunia nzima, na Nyeri linasomeka kwa macho: kigongoni wekundu wa kahawa, mteremkoni wekundu uliofifia kidogo, na chini kabisa, kando ya kijito, udongo wa kijivu unaotuamisha maji ambamo akina mama wamepanda nduma. Bondeni chuma kimekosa hewa, kikapoteza wekundu wake.

Idara ya uchunguzi wa udongo ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1972 kwa msaada wa Waholanzi, ndiyo iliyotoa ramani ya nchi nzima mwaka 1982, iliyoandaliwa na Sombroek, Braun na van der Pouw kwa kipimo cha 1 kwa 1,000,000. Kwenye ramani hiyo kila kipande kina herufi ya umbo la ardhi kwanza, kisha udongo. M ni milima. R ni vigongo vya chini ya volkano, na karibu Nyeri yote yenye mashamba ya chai na kahawa iko ndani ya R. Maelezo yake ni ya kukata na shoka: udongo usiotuamisha maji, wenye kina kikubwa mno, mwekundu uliokolea hadi kahawia nyekundu, mfinyanzi unaovunjika kirahisi, na tabaka la juu lenye tindikali na mboji. Halafu jina: Nitisoli yenye mboji.

Jina Nitisoli limetokana na neno la Kilatini la kung'aa, kwa ajili ya zile nyuso za nta. Liliingia katika orodha ya FAO na UNESCO ya mwaka 1974, likarekebishwa, na leo limo katika mfumo wa kimataifa uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1998. Ili udongo upewe jina hilo lazima uwe na tabaka la chini lenye unene wa angalau sentimita 30, mfinyanzi usiopungua asilimia 30, silti kidogo ikilinganishwa na mfinyanzi, chuma huru kisichopungua asilimia 4, nyuso zinazong'aa, na mpaka usioonekana wazi kati ya tabaka moja na jingine. Sharti hilo la mwisho ndilo linalowahangaisha wanafunzi. Wanashuka shimoni na utepe wa kupimia, wanatafuta mstari, na mstari haupo: wekundu unabadilika polepole hivi kwamba watu wawili huchora mipaka miwili tofauti na wote wakawa sawa.

Namna ya kufika kwenye jina ni ya kuchuja. Mfumo hauulizi moja kwa moja kama huu ni Nitisoli. Unaanza na aina zenye masharti makali zaidi: je, ni peti? Je, umejaa mawe? Je, unapasuka nyufa kama wa Mwea? Je, una sifa za majivu ya volkano? Ukijibu hapana kila mara ndipo unapofika kwenye Nitisoli. Wamarekani wana mfumo wao, na ndani yake udongo wetu hauna nyumba moja. Sehemu huwekwa kwenye fungu la Ultisoli na sehemu kwenye Alfisoli, kutegemea kiasi cha kalisi na wenzake kilichobaki chini. Binafsi naona mfumo wa kimataifa umewatendea haki zaidi watu wa nyanda za juu za Afrika. Kwa hesabu zake Nitisoli zinafikia takriban hekta milioni 200 duniani, na zaidi ya nusu ziko Afrika ya kitropiki: Ethiopia, Kenya, Kongo, Kameruni.

Lile swali la majivu ndilo linalobadilisha kila kitu unapopanda mlima. Ondoka Karatina uelekee msitu wa Ragati au Hombe, upite chai ya mwisho, uingie chini ya podo na mikafuri, kisha mianzi. Wekundu unakatika. Udongo unakuwa kahawia iliyokolea, halafu karibu mweusi, mwepesi hata ukiwa na maji. Hapa huna tena Nitisoli. Ni Andosoli, jina lililotoka kwa Wajapani wenye volkano zao. Majivu machanga zaidi na baridi ya juu vimezuia kuoza kukamilika, na badala ya mfinyanzi wa kawaida pamezaliwa alofani, kitu kisicho na umbo maalumu, kilichojaa matundu. Lita moja ya udongo huu ukiwa mkavu haifiki kilo moja. Ukiufinya kati ya kidole gumba na cha shahada huhisi mkavu kiasi, kisha ghafla unalainika, unateleza kama uliopakwa mafuta, na maji yanatokeza. Uache, unarudi ulivyokuwa. Mwingine ukikaushwa kabisa juani haurudi tena. Unageuka vumbi linaloelea juu ya maji. Mkulima anayelima eneo kama hilo wakati wa kiangazi na kuliacha wazi anaharibu kitu ambacho mvua ya mwaka ujao haitakirekebisha.

Kati ya Andosoli ya juu na Nitisoli ya chini kuna mshipi wa mchanganyiko, na takriban huko ndiko chai ilikotulia. Chini yake kahawa. Chini zaidi, kuelekea Mukurwe-ini, mvua inapungua, kalisi haijaoshwa sana, na udongo mwekundu una tindikali kidogo. Ni Nitisoli bado, lakini si ndugu wa baba mmoja na ile ya Othaya. Zunguka mlima upande wa Kieni, Naro Moru kuelekea Nanyuki, ambako mvua huzuiwa na mlima wenyewe na Nyandarua, na hadithi inakwisha kabisa. Ardhi ni tambarare zaidi, mfinyanzi ni wa rangi ya giza, na barabara za udongo hukwamisha magari kila msimu. Ni kaunti moja, lakini ushauri wa mbolea wa Othaya ukiupeleka Kieni bila kuubadilisha utamtia mtu hasara.

Sasa turudi kwenye rutuba, ambayo ndiyo kiini cha makala hii. Katika msitu, mzunguko wa chakula hufanyika karibu wote ndani ya sentimita 20 au 30 za juu. Majani huanguka, wadudu na kuvu huyaozesha, mizizi midogo iliyotandaa juu hukipokea chakula kabla hakijashuka. Mboji hiyo ina chaji inayoshika kalisi, potasiamu na magnesi. Mfinyanzi wenyewe wa Nitisoli umechoka na hushika kidogo. Kaboni hai katika tabaka hilo chini ya msitu huweza kufika asilimia 5 na kupita. Chimba mita moja na unusu na utapata sehemu ndogo tu ya hiyo. Jina la udongo limeandikwa kutokana na tabaka la chini lisilobadilika. Utajiri uko kwenye tabaka la juu linalobadilika.

Na linabadilika upesi. Watafiti waliolinganisha mashamba yaliyofyekwa kwa nyakati tofauti kandokando ya misitu ya Kakamega na Nandi walikuta kaboni na mavuno vikishuka kwa kasi katika miongo ya kwanza, kisha kutulia katika kiwango cha chini. Huko Kabete, kwenye Nitisoli yenye mboji kama ya kwetu, kuna jaribio la shambani lililoanza mwaka 1976 na kuendelea kwa miongo kadhaa. Kaboni ilipungua hata kwenye vipande vilivyopewa samadi, mbolea ya dukani na kurudishiwa mabua; tofauti ilikuwa kwamba huko ilipungua polepole. Wakati huo wote, mita 5 za wekundu zilikuwa zimekaa pale pale chini. Hazikusaidia.

Zina hata ubishi wao. Oksidi za chuma na alumini zilezile zinazofunga mfinyanzi katika vipande vizuri hunasa fosforasi. Mkulima akitawanya mbolea ya DAP juu ya udongo mwekundu uliopoteza mboji, sehemu kubwa ya fosforasi hushikwa kabla mzizi haujafika. Ndiyo maana ushauri wa zamani wa kuweka mbolea ndani ya shimo pamoja na kiganja cha samadi una msingi wa kikemia: viambato vya samadi hukalia zile sehemu za kunasa, na fosforasi kubaki huru muda mrefu kidogo. DAP hiyohiyo ikitumiwa miaka mingi bila chokaa huongeza tindikali. Kipimo cha pH kikishuka vya kutosha chini ya 5.5, alumini huanza kuyeyuka na kuchoma ncha za mizizi ya mahindi na maharagwe. Chai haijali, hufyonza alumini na kuihifadhi majanini, na huanza kulalamika pale pH inapopanda. Basi chokaa inayomponya mwenye mahindi inaweza kumwumiza jirani yake mwenye chai, hata kama wamegawana mpaka mmoja.

Hata ule udongo wa shimo uliodharauliwa una mteja wake. Vitalu vya chai huutafuta kwa makusudi: sehemu ya mfuko inayopokea kikonyo hujazwa udongo wa chini wenye tindikali na mboji kidogo, kwa sababu humo kikonyo huota mizizi badala ya kuoza. Kusema udongo ni mzuri bila kusema ni mzuri kwa nini hakuna maana.

Kwa kuwa mali yote iko juu, mmomonyoko ndio wizi mkubwa. Nitisoli huvumilia mvua kuliko aina nyingi za udongo, lakini miteremko yetu ni mikali na mashamba yamegawanywa vipande vyembamba kutoka kigongoni hadi mtoni. Wakoloni walilitambua tatizo na kulishughulikia kwa mabavu. Mwaka 1947 wanawake wa Murang'a waligoma kuchimba matuta ya lazima, na kwa miaka mingi baadaye tuta lilikumbusha watu kiboko cha chifu. Baadaye fanya juu, ambapo udongo wa mtaro hurushwa upande wa juu na kupandwa majani ya nepia, ilienea na kujulikana kwa jina hilo la Kiswahili hata katika vitabu vya nje. Maji mekundu ya Sagana wakati wa masika yanaonyesha kazi haijaisha. Udongo huo huishia Masinga, bwawa lililokamilika mwaka 1981, ambako unachukua nafasi ya maji ya umeme. Na pale miteremko inapozidi ukali, kina chenyewe kinageuka hatari: mvua ikijaza mita kadhaa za udongo zilizolala juu ya mwamba au tabaka gumu, kigongo chote huweza kuteleza, na watu wa Murang'a na Nyeri wamezika jamaa kwa sababu hiyo.

Wakulima wanaopewa vipande katika mashamba ya miti ya serikali, kama huko Kabaru, wanaijua thamani ya tabaka la juu kuliko sisi wa maabara. Chini ya mpango wa PELIS hulima viazi na mboga kati ya miche ya miti kwa miaka michache, na viazi vya mwaka wa kwanza ndivyo kila mtu anavyovigombea. Mazao ya mwaka wa tatu hayasifiwi na mtu. Wapo pia wanaopenya msituni na magunia kuchota udongo wa kuuza. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 inaruhusu kuwashtaki, maana udongo nao umehesabiwa kuwa zao la msitu. Ila hata bila sheria, magunia 10 yakitolewa mahali pamoja huacha kidonda chekundu ambacho miche ya asili inachukua miaka kukifunika.

Ukitaka kujua shamba lako limefika wapi, usipeleke maabara sampuli moja. Peleka mbili: moja ya sentimita 0 hadi 20, nyingine ya 30 hadi 50, kila moja ikiwa mchanganyiko wa mashimo 10 au zaidi yaliyotawanywa shambani, ukiepuka palipokuwa zizi, chini ya migomba na pembezoni mwa tuta. Pamoja na pH na fosforasi, omba kaboni hai ipimwe, maana si kila karatasi ya majibu huiweka bila kuombwa. Kisha linganisha namba hizo mbili za kaboni. Zikikaribiana, tabaka la juu limekwisha kwenda na unalima udongo wa chini. Hapo pesa za gunia la pili la DAP zitafanya kazi zaidi zikinunua samadi, na mabua yabaki shambani badala ya kuuzwa kwa mwenye ng'ombe.